Kadi za mtandao za kizamani kwenye kompyuta za nyumbani: shajara ya mradi, Michenzani, Unguja

Mfunguo nane (mwezi wa nane baada ya Ramadhani). Kwa nini tunataka waya wa kasi

Kazi yetu ni picha za harusi. Mie na mdogo wangu tunapiga na kuhariri video za upande wa wanawake: kusingwa, kesha, ukumbini, mpaka bibi harusi anapotolewa. Upande huu una masharti yake, na masharti hayo ndiyo yaliyouzaa mradi. Wanawake wanapokuwa peke yao huvua mabaibui, hucheza rusha roho, hujipamba wapendavyo, na picha hizo hazistahiki kuonwa na mwanamme yeyote. Hatuzipandishi intaneti, hatuziweki kwenye hifadhi ya kampuni yoyote, hatuzitumi kwa simu. Shangazi wa bibi harusi mmoja alipokuwa akinilipa arubuni aliniambia: "Mwanangu, picha za mtoto wetu zisitoke nje ya mlango wako." Nikamjibu, "Hazitoki, shangazi," na neno hilo nimelichukua kama deni.

Basi kila kitu kinakaa ndani ya nyumba, na ndani ya nyumba hakina budi kutembea haraka. Kamera zetu zinarekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde. Saa moja ya picha ni gigabaiti 45. Harusi ya kamera 4, kila moja saa 3, ni gigabaiti 540. Kompyuta ya kuhifadhia iko chumba cha nyuma, kwa sababu ina kelele na watoto hawaendi huko. Ya kuhariria iko chumba cha mbele penye mwanga. Waya wa kawaida wa gigabiti 1 ukienda vizuri kabisa hupitisha kama megabaiti 110 kwa sekunde, kwa hiyo kuhamisha harusi moja ni saa nzima na dakika ishirini na zaidi. Kisha inakuja nakala ya akiba, saa nyingine kama hiyo. Mwezi wa Shaabani, watu wanapokimbilia kuoa na kuolewa kabla ya Ramadhani, harusi hufuatana usiku kwa usiku, na hatuna masaa hayo.

Waifai nimeiondoa kwenye hesabu mapema. Majumba ya Michenzani yalijengwa enzi za Mzee Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na kuta zake ni zege tupu. Ishara ikivuka kuta mbili inabaki kivuli.

Lengo nimeliandika kwenye karatasi na kulibandika ukutani: gigabiti 10 kati ya kompyuta mbili, bila swichi (kisanduku cha kugawia mtandao), kwa vifaa vilivyokwishatumika, kabla ya Shaabani.

Mfunguo nane, mwishoni. Kuchagua kadi

Kaka yetu anafanya kazi Dubai na yeye ndiye atakayenunua. Kabla ya kumtumia orodha nilitaka kujua jambo moja: kwa nini kadi ya mtandao, kile kibao cha ndani ya kompyuta kinachopokea waya, iliyokuwa na bei ya mamia ya dola inauzwa leo kwa bei ya nguo ya mtoto? Kadi haiwi rahisi bure. Kuna sababu, na ukiijua unajua pia kazi inayokusubiri.

Sababu ya kwanza ni nzuri kwetu. Vituo vikubwa vya data vimehama kutoka gigabiti 10 kwenda 25, 40 na 100, vikatoa kadi za zamani kwa makreti. Kadi hizo ni nzima, zimetolewa kwa kuwa wenyewe wamepanda ngazi. Nyingi zinatumia matundu ya SFP+, ambayo hayapokei waya wa kawaida wa mtandao. Kwa kawaida unahitaji moduli ya faiba, yaani kichwa cha kuchomekea uzi wa kioo unaopitisha mwanga, au waya mfupi wa shaba uliounganishwa moja kwa moja na vichwa vyake. Mtu wa nyumbani akiliona tundu lile huliogopa, na bei inazidi kushuka.

Sababu ya pili ni umbo. Zipo kadi zilizotengenezwa kukaa kwenye seva za aina fulani tu, zenye mguu usioingia kwenye sloti ya kawaida ya PCIe, lile tundu la ndani ya kompyuta la kuchomekea kadi. Kwenye matangazo zinaitwa FLR, LOM au OCP. Hizo ndizo rahisi kuliko zote, na kwa kompyuta ya nyumbani hazifai bila kipande cha kuunganishia. Kaka nimemwandikia: picha ya tangazo isipoonesha mguu wa dhahabu wenye pengo moja karibu na kibati (bati la nyuma linaloishikilia kadi), usinunue.

Sababu ya tatu ni draiva, programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi. Mtengenezaji akiacha kuitunza kadi ya zamani, wenye Windows mpya hukwama. Hapa sisi tumesalimika, kwa sababu kompyuta zote mbili zinatumia Linux na tunahariri kwa Kdenlive. Keneli, yaani moyo wa Linux, ina draiva ya mlx4 kwa kadi za Mellanox ConnectX-2 na ConnectX-3, na ixgbe kwa kadi za Intel zenye chipu ya 82599, kama vile X520. Zote mbili programu ya ndani ya kadi zinayo kwenye chipu ya kadi yenyewe, kwa hiyo hazidai faili la ziada wakati kompyuta inawaka. Kwetu hilo ni jambo kubwa, maana kompyuta ya kuhifadhia haitaguswa na intaneti hata siku moja. Kadi za Broadcom zenye chipu ya 57810 nimezipita kwa sababu hiyo hiyo: draiva yake, bnx2x, inataka ipakiwe faili la pembeni. Si taabu kubwa, ila kwenye mashine iliyojitenga ni hatua moja ya ziada, na mie napenda hatua chache.

Orodha aliyopelekewa kaka: Intel X520 ya matundu mawili, Mellanox ConnectX-2 ya tundu moja, namba ya kadi MNPA19-XTR, kadi moja ya akiba, yoyote ya SFP+ atakayoipata kwa bei nzuri, moduli mbili za faiba za mwanga wa nanomita 850, waya wa faiba wa aina ya OM3 wa mita 20. Kwa gigabiti 10, OM3 hufika mita 300, sisi chumba kwa chumba hatufiki hata 20. Waya wa shaba wa moja kwa moja ungekuwa rahisi zaidi, ila ule usio na umeme ndani yake haupendi kuvuka mita 7, na njia yetu ya kuzunguka mlango na kabati ni ndefu kuliko hapo.

Lipo na jambo jingine lililonifanya nisimame upande wa faiba. Faiba haipitishi umeme. Masika radi zikipiga, au umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika, kompyuta moja ikidhurika waya haubebi balaa kwenda kwa ya pili. Picha za harusi ya mtu hazipigwi mara mbili.

Mfunguo tisa. Sloti kwanza

Mzigo bado uko njiani, nikafungua kompyuta kutazama sloti. Kazi hii wengi huiacha mpaka kadi iko mkononi.

Sloti ya PCIe ina urefu wa macho na ina urefu wa kweli. Sloti inaweza kuwa ndefu kama ya kadi ya picha (ile inayoendesha skrini), x16, yaani ya nyuzi 16 za kupitishia data, lakini nyuzi zilizounganishwa ndani ni 4 tu. Kadi ya x8 inaingia humo bila ubishi, kisha inafanya kazi kwa nyuzi 4. Je, zinatosha? Kizazi cha pili cha PCIe kinapitisha gigabiti 5 kwa kila uzi, na baada ya kutoa gharama ya usimbaji hubaki gigabiti 4 safi. Nyuzi 4 ni gigabiti 16. Kwa tundu moja la gigabiti 10 zinatosha na kubaki. Kwenye sloti ndogo ya x1 ungepata gigabiti 4 tu, hata kama ncha ya sloti imekatwa ili kadi iingie.

Kompyuta ya kuhifadhia ni ya ofisini, nyembamba, Core i5 ya kizazi cha 3, tuliyoinunua Darajani ikiwa imetumika. Haina kadi ya picha, kwa hiyo sloti yake kubwa iko wazi. X520 itakaa hapo kwa nyuzi zake zote 8. Kompyuta ya kuhariria ni Core i7 ya kizazi cha 4, kadi ya picha imekalia sloti ya kwanza, na ya pili ni ndefu kwa macho lakini ina nyuzi 4. Hiyo ni ya ConnectX-2.

Nimepima pia kibati. Kompyuta nyembamba inataka kibati kifupi, kubwa inataka kirefu. Kadi za vituo vya data nyingi huja na kifupi peke yake. Nimemwomba kaka atafute kirefu kimoja. Asipokipata, fundi wa bati pale Mlandege atakata.

Mfunguo tisa, katikati. Kadi zimefika

Zimekuja ndani ya sanduku la nguo za watoto. Kibati kirefu kimo. Alhamdulillahi.

Kabla ya kuchomeka chochote nimesafisha miguu ya dhahabu kwa pombe ya aisopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi. Kadi zilikuwa safi kiasi, ila sloti za kompyuta zetu zina utando wa chumvi. Tuko kisiwani, upepo wa bahari hauchagui. Kila kompyuta iliyokaa hapa miaka miwili mitatu inahitaji kupulizwa na kufutwa kabla ya kulaumu kifaa kipya.

ConnectX-2 imeingia, kompyuta ikawaka, nikaandika `lspci`, amri ya kuorodhesha kadi, na jina likatoka: Mellanox MT26448, ConnectX EN 10GigE. Sikupakia draiva, sikubonyeza chochote. Nikaandika `lspci -vv` kutazama mstari wa LnkSta, unaoonesha kasi ya kila uzi na idadi ya nyuzi, nao ukasema 5GT/s, upana x4. Ndivyo hesabu ilivyotabiri. Mstari huo ndio wa kuutazama siku zote: ukiona 2.5GT/s au x1 mahali ulipotegemea zaidi, toa kadi, safisha, ichomeke upya, halafu tazama mipangilio ya BIOS, programu inayoiwasha kompyuta.

Mdogo wangu aliyekuwa amesimama nyuma yangu akauliza, "Dada, ndiyo imekwisha?" Nikamwambia hii ni nusu ya rahisi.

Mfunguo tisa, mwishoni. Kompyuta iliyokataa kuwaka

Kadi ya tatu, ile ya akiba, nilitaka kuijaribu kabla ya kuiweka kabatini. Kadi ya akiba isiyojaribiwa si akiba. Nimeiweka kwenye kompyuta ya kuhifadhia, feni zikazunguka, skrini ikabaki nyeusi. Nikaitoa, kompyuta ikawaka. Nikairudisha, nyeusi tena. Kwenye kompyuta kubwa kadi hiyo hiyo ikawaka bila neno.

Chanzo chake nakiandika kwa urefu kwa sababu mtu akikutana nacho huitupa kadi nzima akidhani imekufa. Kwenye mguu wa PCIe kuna pini mbili, B5 na B6, ambazo si za kupitisha data ya mtandao. Ni za basi dogo liitwalo SMBus. Kwenye seva, basi hilo hutumika kuulizia hali ya kadi. Lakini kwenye madabodi (bodi kuu) nyingi za nyumbani, basi hilo hilo ndilo BIOS inalotumia kusoma vijiti vya RAM wakati wa kuwaka, ili ijue ukubwa na kasi yake. Kadi iliyotengenezwa kwa ajili ya seva ikijibu kwenye basi hilo kwa anwani inayogongana na ya RAM, BIOS inapotea. Ama haiwaki kabisa, ama inawaka na kuona nusu ya RAM. Tatizo hili linajulikana zaidi kwa kadi za kuendeshea diski zilizotolewa kwenye seva, na kadi za mtandao zilizotengenezewa seva nazo zimo.

Dawa yake ni kuziba pini hizo mbili. Shika kadi upande wenye chipu ukikutazama, mguu wa dhahabu chini, kibati mkono wa kushoto. Pini ya kwanza kushoto ni B1. Hesabu: ya tano na ya sita. Kabla ya pengo kuna pini 11, kwa hiyo ukihesabu ukapata pungufu au zaidi anza upya. Bandika kipande chembamba cha tepu ya Kapton, ile ya rangi ya kaharabu wanayotumia mafundi wa simu, juu ya hizo mbili tu. Tepu ya kawaida ya ofisini usiitumie: joto huilainisha na gundi yake hubaki ndani ya sloti. Fundi wa simu Darajani alinikatia kipande kidogo bila kutaka hata senti.

Nimebandika kwa kibano na kioo cha kukuzia. Kompyuta nyembamba imewaka, RAM yote inaonekana, kadi inaonekana. Kinachopotea ni ule uwezo wa seva kuulizia kadi kupitia SMBus, na nyumbani hakuna anayeuliza. Kadi imerudi kwenye mfuko wake, tepu juu yake, na karatasi yenye maelezo ndani.

Rajabu. X520 na moduli inayokataliwa

X520 imekaa kwenye kompyuta nyembamba bila tatizo la kuwaka. Hapa kizuizi ni kingine. Draiva ya ixgbe hutazama moduli iliyochomekwa, inasoma jina la mtengenezaji, na isipokuwa kwenye orodha yake inakataa kuifungua. Ukisoma `dmesg`, kumbukumbu za keneli, utaona ujumbe kwamba moduli ya aina isiyoungwa mkono imegunduliwa, na kiolesura cha mtandao hakitokei kabisa. Anayetazama orodha ya violesura kwa `ip link` hudhani kadi mbovu.

Kwenye Linux kuna ruhusa ya kulipita hilo. Nimeandika faili `/etc/modprobe.d/ixgbe.conf` lenye mstari mmoja:

`options ixgbe allow_unsupported_sfp=1`

Kisha `update-initramfs -u`, nikawasha upya. Kiolesura kikatokea. Hatua ya initramfs, faili la mwanzo ambalo Linux huwakia nalo, isirukwe, kwa sababu draiva inaweza kupakiwa mapema, kabla mfumo haujalisoma faili lako, na utabaki unazunguka pale pale. Kadi za Mellanox tulizonazo hazina kizuizi hiki, zinakubali moduli yoyote inayofuata kanuni. Kwa mtu anayeanza na hana mtu wa kumuuliza, ningempeleka kwa Mellanox kwa sababu hii moja, ingawa X520 ni kadi madhubuti na naiheshimu.

Rajabu, wiki ya pili. Ukuta

Zege la Michenzani limemshinda fundi wa kwanza na drili yake ndogo. Wa pili alikuja na drili ya nyundo na tundu likapita chini ya dirisha la ukumbi, mahali mama alipokubali. Mama alitaka kujua kama waya ule una umeme, kwa ajili ya wajukuu. Nimemwambia hauna, una mwanga tu. Watoto nimewaambia jambo jingine: wasiuchungulie. Mwanga wa nanomita 850 hauonekani kwa jicho, na kitu kisichoonekana ndicho kinachomdanganya mtu kukaa akikitazama. Kofia za plastiki za vichwa vya faiba zikae mahali pake mpaka dakika ya kuchomeka. Hilo linasaidia na vumbi pia.

Kichwa cha faiba cha aina ya LC ni kidogo, lakini viwili vilivyofungwa pamoja ni vipana kuliko tundu letu. Kile kibanio kinachovishika kinatoka kwa kucha. Nimepitisha uzi mmoja, kisha wa pili, nikazifunga tena upande wa pili. Kwenye kona nimeacha waya ukunjike kwa duara pana. Faiba ikivunjwa kona kali mwanga hutoroka, na ikizidi kioo hukatika ndani bila alama ya nje.

Nimechomeka pande zote mbili, taa hazikuwaka. Kwenye faiba kila moduli ina mdomo wa kutuma na mdomo wa kupokea, na waya lazima uvuke: mtumaji wa huku aingie kwa mpokeaji wa kule. Kwa kuwa nyuzi zilipita ukutani moja moja, zilikuwa zimenyooka badala ya kuvuka. Nimebadilishana vichwa upande mmoja tu. Taa ya kijani kule, taa ya kijani huku, na `ethtool` ikaandika Speed: 10000Mb/s, Link detected: yes.

Mdogo wangu alipiga vigelegele kama yuko ukumbini.

Rajabu, usiku huo huo. Anwani na vipimo

Hakuna ruta wala swichi, kwa hiyo anwani tumezipanga kwa mkono: 10.10.10.1/30 kwa kuhifadhia na 10.10.10.2/30 kwa kuhariria. Kompyuta ya kuhifadhia haina lango la kutokea. Hata mtu akiingia kwa hila kwenye waifai ya nyumba, haioni. Waya wake pekee ni huu wa faiba. Kompyuta ya kuhariria nayo tunaizimia waifai wakati wote diski ya harusi imefunguliwa. Shangazi wa yule bibi harusi akija, nitamwonesha waya wenyewe na mwisho wake.

Kipimo cha kwanza kwa `iperf3`, programu ya kupima kasi ya mtandao: gigabiti 9.41 kwa sekunde kutoka kuhifadhia kwenda kuhariria. Kwa mtu aliyezoea 0.94, namba hii inataka kutazamwa mara mbili. Lakini upande wa kurudi ilikuwa 7 na kitu, na kwenye `htop`, inayoonesha mzigo wa prosesa, kiini kimoja cha Core i5 kilikuwa kimefika asilimia 100. Prosesa ya zamani inachoka kwa wingi wa paketi, yaani vifurushi ambamo data husafiri, si kwa wingi wa data. Kwa paketi za kawaida za baiti 1500, gigabiti 10 kamili ni zaidi ya paketi 800,000 kila sekunde.

Hapo ndipo paketi kubwa zinapofaa. Nimepandisha MTU, ukubwa wa juu wa paketi, kuwa baiti 9000 pande zote mbili, na paketi zikashuka kuwa kama 138,000 kwa sekunde. Pande zote mbili, nasisitiza. Upande mmoja ukibaki 1500, ping ndogo zitapita na utadhani mambo safi, kisha faili kubwa likwame katikati. Kipimo cha kweli ni hiki:

`ping -M do -s 8972 10.10.10.1`

Namba 8972 ni 9000 ukitoa baiti 20 za kichwa cha IP na 8 za kichwa cha ICMP, yaani maelezo yanayotangulia data kwenye paketi. Ikijibu, njia ni pana mwanzo mpaka mwisho. Ilijibu. `iperf3` sasa inasema 9.9 kwenda na 9.8 kurudi, na Core i5 inapumua.

Rajabu, mwishoni. Diski ndiyo iliyobaki nyuma

Tumenakili folda ya harusi kwa NFS, njia ya kushirikisha folda kupitia mtandao, ikaenda megabaiti 170 kwa sekunde. Waya una uwezo wa megabaiti 1,200 na zaidi, diski ya kuzunguka haina. Hakuna kadi ya mtandao itakayoifanya diski ya mota izunguke haraka zaidi, na mtu anayetaka kuingia mradi kama huu alijue hili kabla hajatoa pesa. Ukiwa na diski za mota peke yake, faida utakayoipata juu ya gigabiti 1 ni ndogo.

Tumepanga hivi: SSD ya SATA ya terabaiti 1 kila upande kwa harusi zinazofanyiwa kazi, na diski kubwa za mota kwa harusi zilizokwisha. SATA yenyewe inaishia megabaiti 550 hivi, na sisi tunapata kama 500. Gigabaiti 540 zinapita kwa dakika 18. SSD lazima iwe nzuri. Zile za bei ya chini kabisa huanza kwa kasi, ndani ya dakika chache akiba yao ya ndani inajaa na zinashuka chini ya diski ya mota.

Kwa haki yake, niseme pia: kwa kucheza picha tu moja kwa moja kutoka kule, mikondo 4 ya megabiti 100 ni megabiti 400, na gigabiti 1 ingetosha. Faida yetu iko kwenye kuhamisha na kwenye nakala ya akiba, na kwetu hayo ndiyo yanayokula usiku.

Shaabani, mwanzo. Joto

Kadi hizi zilizaliwa ndani ya chumba chenye baridi, feni za seva zikipuliza mbele kwenda nyuma bila kusita. Bamba lao la kupozea ni dogo kwa sababu lilitegemea upepo huo. Chumba chetu cha nyuma hakina kiyoyozi, na kompyuta nyembamba ina feni moja inayotazama prosesa. Baada ya saa moja ya kunakili, bamba la X520 halishikiki kwa kidole. `ethtool -m` inaonesha joto la moduli yenyewe, nayo ilikuwa inapanda kuelekea nyuzi 60. Moduli za kawaida zimepangiwa mwisho wa nyuzi 70.

Nimefunga feni ndogo ya milimita 40 mbele ya bamba kwa mikanda ya plastiki ya kufungia nyaya, umeme wake kutoka kwenye madabodi. Joto limeshuka na kukaa kwenye nyuzi 40 na kitu hata mchana wa jua kali. Feni hii ni ya shilingi chache, na naihesabu kuwa sehemu ya bei ya kadi. Anayetaka kadi hizi Unguja au Pemba ainunue pamoja nazo, asingoje mawasiliano yaanze kukatika yenyewe saa nane mchana.

Kompyuta zote mbili ziko kwenye UPS, betri ya akiba ya umeme ukikatika. Kamera tunazishushia kwanza kwenye kuhariria, kisha usiku nakala inakwenda kuhifadhia kwa `rsync`, programu ya kunakilia.

Shaabani. Kazini

Harusi ya kwanza imepita kwenye waya. Ukumbi ulikwisha saa sita usiku, tulikuwa nyumbani saa saba. Kusoma kadi za kamera ndiko kulikochukua muda mrefu sasa, kwa sababu kisomaji chetu ni cha zamani. Mara picha zilipokuwa ndani ya SSD, nakala ya akiba ilimalizika mdogo wangu akiwa bado anakunywa chai, na kamera zikawa tayari kufutwa kwa ajili ya kesha ya kesho yake. Mwaka jana saa kama hizo tulikuwa tunalala kwa zamu, mmoja akilinda mstari wa asilimia.

Kisomaji cha USB 3 ndicho kinachofuata kwenye orodha ya kaka. Pia amepata ConnectX-2 ya aina ya VPI, yenye tundu kubwa la QSFP, iliyokuwa ikitumika kwa InfiniBand, aina nyingine ya mtandao wa seva, bei yake chini hata ya hizi. Tundu la aina hiyo linabadilishwa kuwa la Ethernet, mtandao wa kawaida kama wetu, kwa kuandika `eth` kwenye faili la `mlx4_port1` chini ya `/sys/bus/pci/devices`. Nimemwambia ainunue. Tutaifungua Mfunguo mosi, baada ya Idi, kwenye ile kompyuta kubwa, na sloti yake nimeshaitazama.